Mbele ya kusinya asiransi ya bugonjwa Lubumbashi: namna ya kupima kama makuta yako haitaenda bure

Bandugu, yambo kwenu. Kuko swali moja batu bananiulizaka karibu kila juma, ku kanisa, ku kilio, hata mu taxi-bus ya Katuba, na banaulizaka na kasirani kidogo ndani: hizi kampuni za asiransi ya bugonjwa zinatusaidia kweli ao zinakula tu makuta yetu? Mimi nilitumika miaka sita ku resepsioni ya kliniki moja hapa Lubumbashi, jina naacha, nilikuwa njo ule mutu mwenye anaangalia karte yako na kusema "ingia" ao "ngoja kwanza, tupigie batu ya asiransi." Niliona karte zenye zilifungua mulango mara moja, na niliona zingine zenye hata sentineli ya ku porte alikuwa anazicheka. Zote mbili zililipiwa makuta ya kweli. Basi leo naandika namna ya kuzitenganisha mbele ya kusinya. Inaomba daftari, kalamu, na masaa mbili hivi ya kukaa na bibi yako ao bwana yako bila telefone.

Kwanza tuelewane unauzishiwa nini

Ajenti akifika na makaratasi yake ya rangi atakuambia anauzisha afya. Hapana. Kitu yenye anauzisha ni hii: saa nane ya usiku mutoto anatapika damu, unafika ku lopitalo, na mutu ya resepsioni haombi kosioni. Njo basi. Unajua kosioni ya kwetu, unafika na mugonjwa mu mikono, banakuambia weka kwanza makuta ku meza njo munganga amuguse, kama hauna unaanza kupigia bayaya na bayomba moja moja ule usiku, mumoja telefone imefungwa, mwingine anasema ngoja asubui. Na kisha kupona kuko ile ingine: mugonjwa amerudisha nguvu, anakula bukari muzuri, lakini banamuzuia mu sale juma mbili juu faktire haijaisha, na kila siku anaongeza tena bei ya kitanda ku deni ile ile. Nani kati yetu hana mutu mu jamaa mwenye alifungiwa hivyo?

Asiransi yenye inaondoa hizi mbili, kosioni ya kuingia na kufungiwa ya kutoka, iko na kazi. Yenye haiondoi hata moja ni karatasi. Palu (malaria) ya kawaida, minyoo ya batoto, kikohozi ya mwezi ya sita wakati baridi ya Lubumbashi inapiga, ile unaweza kulipa mwenyewe. Kununua asiransi juu ya palu ni kulipa sentineli ya kuchunga sufuria moja.

Angalia kama hauko nayo tayari

Hii hatua batu banairuka, na njo ya maana kupita zote. Kama uko na kontra ya kazi, kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema patro wako anapashwa kulipia matunzo ya bugonjwa ya wewe na jamaa yako: munganga, meno, operasioni, dawa, kulala lopitalo, mimba na kuzaa, hata kama ile bugonjwa haikutoka ku kazi. Soma tena hiyo: hata kama haikutoka ku kazi. Patro bengi banajifanya hawajui. Bengine banakuambia "tulikuandikisha ku asiransi, mambo ingine haituhusu," kisha plafoni ya ile asiransi (mupaka wa makuta yenye itakulipia) inaisha mu mwezi ya nne na unaanza kulipa mufukoni. Sheria inabebesha muzigo patro, haibebeshe kampuni ya asiransi, kampuni ni njia yake tu ya kulipa. Kwa hiyo plafoni ikiisha unarudi kwa patro na faktire, na barua, na kopi ya barua unabaki nayo. Mukiwa batatu bane banaleta barua pamoja inasikilikana muzuri kuliko mutu mumoja.

Ingine yenye batu banachanganya: CNSS. Banakukata ku mushahara kila mwezi, unafikiri njo itakulipia munganga. Hapana. CNSS, yenye ilikuwa INSS mbele ya sheria ya 2016, kazi yake ni pensioni, ajali na magonjwa ya kazi, na mambo ya jamaa kama batoto na uzazi. Ukipata palu kali ukaenda na karte ya CNSS utarudi na palu yako.

Balimu benye beko ku listi ya serikali, bauliziye mutueli yao (kikundi ya kusaidiana juu ya bugonjwa), MESP. Mama mwenye mimba, uliza ku santre de sante ya karibu kama iko ku listi ya kuzaa bure: mupango ule ulianza Kinshasa mwezi ya kenda 2023 na unatembea provensi kwa provensi, usichukue habari ya redio tu, fika pale uulize infirmieri mwenyewe kama banaifanya, na kitu gani iko ndani na gani iko inje.

Na hapa niseme kitu juu ya sisi batu ya Katanga. Tulizoea vibaya. Kutoka Union Minière, kampuni ya migodi, mu 1906 mpaka Gécamines yenye ilikamata nafasi yake, kazi ilikuwa njo baba njo mama, bazee banasemaka hivyo mpaka leo: unga, nyumba, masomo ya batoto, lopitalo, yote kwa kampuni. Baba yangu mukubwa hakuwahi kujua bei ya sindano maisha yake yote ya kazi. Kisha 2003 zaidi ya bafanyakazi 10,000 ya Gécamines bakatoka na ile mupango yenye baliita départ volontaire, kutoka kwa kupenda (kupenda ya namna gani, kila mutu anajua), balipewa makuta mara moja, kontra ikaisha, na lopitalo ya bure ikaisha na kontra. Hapo njo bengi bao balijifunza bei ya sindano, na miaka 55. Nakumbusha hii juu nguvu ya karte ya kazi inaisha siku kazi inaisha, na kampuni za asiransi habapendaki kupokea mutu ya miaka 60 mwenye tansioni. Kama uko na kazi leo, uliza leo kama unaweza kuendelea kulipa mwenyewe siku utatoka.

Daftari na hesabu

Sasa kamata daftari. Andika magonjwa yote ya nyumba mu miezi 12 yenye imepita, kila farmasi, kila sindano, usiseme "ile ilikuwa kidogo," kidogo kidogo njo inakulaka makuta. Mama ya nyumba njo atakumbuka, sisi banaume tunasahauka.

Tuseme, ni mufano tu, jamaa ya batu 5. Palu mara 6 kwa dola 25, hiyo 150. Jino ya papa, 40. Mutoto alilala lopitalo siku mbili, 90. Jumla 280. Ajenti naye anaomba dola 600 ku mwaka kwa batu wote, na kontra inasema kampuni italipa 80 ku kila 100, weye utalipa 20. Basi ku ile 280 yenu, kampuni ingelipa 224. Ondoa 224 ku 600, inabaki 376. Ile 376 njo unalipa juu ya usiku mubaya peke yake. Ajenti hawezi kukuonyesha ile namba, atakuonyesha 600 na picha ya jamaa yenye kucheka.

Kisha uliza: ule usiku mubaya, itanilipia mpaka ngapi? Kama plafoni ya operasioni ni dola 300, acha. Unalipa 376 kila mwaka juu ya kuchungiwa 300, hata mutoto ya primeri atakucheka. Kama plafoni ni 3,000, hapo ni mambo ingine: 376 mara 8 ni 3,008, maana yake kama jamaa yako inaweza kupatwa mara moja ku miaka 8 na bugonjwa yenye kampuni yenyewe inailipia dola 3,000 nzima (sehemu yako ya 20 iko inje), haukupoteza. Nyumba yenye mama anazaa bado, papa ana tansioni, batoto banapanda moto ya Katuba kwenda masomo bane pamoja... mara moja ku miaka 8 haiko mbali.

Lakini usiishie ku hesabu tu. 376 ni makuta unatafuta pole pole mwaka nzima, 3,000 ya usiku moja ni lupango (kiwanja yako). Niliona papa mumoja aliuzisha lupango yake mu siku tatu juu ya operasioni ya bibi, akauzisha karibu nusu ya bei, juu mununuzi aliona haraka mu macho yake. Ile nusu yenye ilipotea haiandikwe ku faktire yoyote. Kwa hiyo mutu mwenye iko na 3,000 imelala mu banki na haimusumbui, asiransi hana haja nayo sana, ajilipie. Mutu mwenye hana kitu ya kuuzisha isipokuwa lupango moja, hata hesabu ikimukatalia kidogo, bado nitamwambia achukue. Na mutu mwenye ile 50 ya mwezi (600 ku miezi 12) itatoka ku unga ya batoto, asikubali ajenti amusumbue, kuko njia ingine naifikia chini.

Kusoma kontra bila kulala

Usisome yote, kontra iliandikwa juu ulale. Tafuta bitu hibi.

Plafoni, lakini usiridhike na ile kubwa ya mbele. Pale mbele wanaandika 5,000 na maandishi manene, halafu ku ukurasa wa sita unakuta plafoni ndogo ndogo ndani: kitanda mpaka 30 ku siku, operasioni mpaka 400, kuzaa mpaka 250, miwani kila miaka miwili. Ile 5,000 hautaifikia hata ugonjwe kila juma. Namba yenye unaweka mu hesabu yangu ya juu ni ile ya ukurasa wa sita. Uliza tena kama plafoni ni ya kila mutu ao ya jamaa nzima pamoja, juu kama ni ya pamoja, mutoto mumoja akilazwa mara mbili anawamalizia wote.

Karansi, ni ule muda wa kungoja: unalipa lakini hawakulipii bado. Ya kuzaa njo inakuwaka ndefu, mara nyingi inapita miezi tisa, na sababu unaielewa. Kuko papa mumoja alikuja kwetu na hernia, karte yake mupya kabisa, inangaa, amelipa mwaka nzima siku 20 mbele. Tulipiga telefone, balikatala, operasioni ilikuwa na karansi ya miezi sita. Alinikasirikia mimi. Kontra yake ilikuwa mu mufuko ya koti, hakuifungua hata siku moja, na kusema kweli ajenti wake hakumwambia.

Magonjwa ya zamani. Tansioni, sukari, SS ya batoto (bugonjwa ya damu ya kuzaliwa nayo), dialize (kusafisha damu na mashini): zingine hazilipiwi kabisa, zingine zinalipiwa kidogo. Hapa batu bananiambia "basi nitaficha, sitasema niko na sukari." Ndugu, usifanye. Siku ya faktire kubwa njo munganga ya kampuni anaomba fishe yako ya zamani, anaona dawa ya sukari ya miaka mitatu nyuma, wanavunja kontra na wako na haki. Heri uambiwe hapana leo na makuta ingali mu mufuko yako.

Kampuni inalipa yenyewe ao inakurudishia? Hii ni swali moja fupi na inaua karte nusu. Kama kampuni inalipa lopitalo moja kwa moja, kosioni hakuna. Kama weye unalipa kwanza, unapeleka faktire, unangoja banakurudishia, basi ile saa nane ya usiku uko palepale ulikuwa mbele, unapigia bayomba. Ile ya kurudishiwa inafaa tajiri, haifai mutu mwenye anatafuta musaada wa usiku.

Na inje: sisi wa Lubumbashi bugonjwa ikikuwa nguvu tunapita Kasumbalesa tunaenda Zambia, Kitwe ao Ndola ao mpaka Lusaka, kuliko Kinshasa yenye inaomba ndege. Kontra zingine zinasema evakuasioni na zinamaanisha Kinshasa tu, ao Afrika Kusini na ruhusa ya munganga wao. Uliza Zambia kwa jina.

Enda ku resepsioni uulize kama hauna haraka

Hii hatua njo napenda sana juu ilikuwa kazi yangu. Kontra inakuja na listi ya malopitalo na makliniki. Usiiamini. Chukua mbili za karibu na nyumba yako, vaa muzuri kidogo, fika pale saa kumi ya mangaribi wakati foleni imepungua, umusalimie mutu ya resepsioni vizuri, muulize: "Mama, batu ya asiransi fulani, banalipaka?" Hautahitaji jibu ya mudomo. Angalia uso.

Juu nakuambia namna mambo inaenda ndani. Kliniki inatunza bagonjwa, inatuma faktire ku kampuni mwisho wa mwezi, kampuni inapashwa kulipa mu siku 30 ao 60. Zingine zinalipa. Zingine zinakaa miezi tano, sita, zinaomba karatasi ingine, zinasema sahihi ya munganga haionekane. Dawa mu farmasi zinaisha, direkteri anakasirika, anaandika karatasi na bik anaibandika nyuma ya kaunta yetu: hatupokei tena karte ya hii kampuni. Bagonjwa habaambiwe. Listi ya kampuni inaendelea kutaja jina yetu. Niliwahi kurudisha mama na mimba ya miezi minane juu ya ile karatasi, naye alikuwa amelipa kila kitu, na hii kitu sijaisahau mpaka leo, nilimuita kando nikamuandikia jina ya kliniki ingine yenye nilijua bado inapokea.

Na nisitupe mawe upande moja. Kliniki nazo si malaika. Mutu akifika na makuta yake mwenyewe, munganga anaomba kipimo ya damu moja. Akifika na karte, vipimo vinakuwa vine, ekografi juu yake, dawa ya bei. Kwa sisi tulikuwa tunaambiwa bila kuambiwa. Bagonjwa banafurahi, banasema "karte yangu inanitunza muzuri," hawajui ile inakula plafoni yao. Kisha munganga ya kampuni anaanza kukataa kila kitu, hata ile ya kweli, na mugonjwa mwenye haki njo analipa. Kwa hiyo faktire mbele ya kusinya uisome. Kama kuko kitu haukufanyiwa, sema. Niliona batu bawili tu mu miaka sita benye balisoma.

Kampuni yenyewe

Bazee mutakumbuka, kutoka miaka ya 1960 asiransi yote ya inchi ilikuwa SONAS peke yake, na batu bengi balijua SONAS juu ya gari tu, ile karatasi ya ku kio yenye polisi ya barabara anaomba. Sheria ya mwezi ya tatu 2015 njo ilifungua soko, na kampuni za kwanza za privé zilipata ruhusa 2019. Mwenye kuzichunga ni ARCA. Basi swali lako kwa ajenti ni fupi: nionyeshe ruhusa ya ARCA ya kampuni, na ya kwako wewe kama uko kurtie (mutu wa katikati mwenye anauzisha asiransi ya kampuni mbalimbali). Akianza kuzunguka, mupe chai aende.

Makuta usimupe mu mukono. Lipa ku banki ao ku mobile money kwa jina ya kampuni, ubaki na risiti. Hata kama ajenti ni mutoto ya dada yako. Sana sana kama ni mutoto ya dada yako.

Kitu ingine ya kuuliza, haupati jibu kila mara lakini uliza: ku dola 100 batu banalipa, ngapi inarudia bagonjwa? Bandugu benye beko Marekani banalalamika juu ya asiransi yao kuliko sisi, wanasema inakataa, inaomba ruhusa ya kila kitu, na hawakosi sababu. Lakini kule sheria ya 2010 inasema kampuni inapashwa kutumia ku matunzo dola 80 ku kila 100 kwa kontra za mutu binafsi na za kampuni ndogo, na 85 kwa za kampuni kubwa, ikishindwa inarudishia batu ile yenye imezidi. Ile ingine njo ya ofisi, matangazo, na faida. Nakupa hii kama kipimo ya kichwa. Ajenti mwenye anajua kazi yake atajaribu kukujibu. Mwenye atacheka, andika mu daftari kama alicheka.

Peke yako ao na bengine

Kama unaweza, usinunue peke yako. Fikiria likelemba, ile ya kukusanya makuta na kupeana kwa zamu. Mukiwa 20 na kila mutu analipa, inatembea. Sasa fikiria likelemba yenye banaingia tu benye banajua watakamata mwezi wa kwanza: inakufa mu mwezi ya pili. Asiransi ni vile vile. Kampuni ikiona mutu mumoja anakuja peke yake na miaka 50 inajiuliza "huyu anajua kitu gani sijui," inapandisha bei, inaongeza karansi. Mukifika 40 ya koperative moja, ya soko moja, ya koro moja, bazima na bagonjwa pamoja, munaweza kuomba karansi iondolewe na bei ishuke, na banakubali, nilionaka. Bashoferi ya taxi-bus ya linye moja banaweza. Ba mama ya soko banaweza kupita hata sisi wa maofisi, juu banajua kukusanya makuta kila siku.

Na kwa ule mwenye 50 ku mwezi ni mingi: mutueli. Iko na sheria yake ya tarehe 8 Februari 2017, haitafuti faida, bamemba njo banachagua bakubwa yao. Haiko kitu mupya hapa inchini, Bwamanda kule Équateur ya zamani lopitalo ilianza asiransi yake 1986, na bandugu ya Bukavu na Sud-Kivu beko na mamutueli miaka mingi na musaada wa kanisa katolika. Kotizasioni ni kidogo, na matunzo pia ni kidogo: santre de sante na lopitalo ya eneo, si kliniki ya mujini yenye klimatizeri. Karibu yetu, Rwanda inafanya ya vile kwa inchi nzima, mugonjwa analipa 10 ku 100 akifika lopitalo, na Zambia kutoka 2019 mufanyakazi anakatwa 1 ku 100 ya mushahara na patro anaongeza 1. Serikali ikisukuma kila mutu aingie, ule ujanja wa "nitaingia nikigonjwa" unakufa. Kwetu mutueli nyingi zinakufa palepale, batu banaingia na mimba, banazaa, banatoka. Kwa hiyo mbele ya kuingia mu mutueli uliza: bamemba ngapi banalipa mwezi huu, si ngapi baliandikishwa. Uliza pia lopitalo kama inalipwa. Uso ya resepsioni, tena.

Ukisha kusinya

Piga foto ya karte zote, mbele na nyuma, utumie bibi, mutoto mukubwa na jirani mumoja mwenye gari. Andikisha mutoto mupya mu siku za kwanza, kontra nyingi zinahesabu siku, ukichelewa anaingia na karansi yake. Tumia karte mara moja mapema na kitu ndogo, muchana, kwa kusudi, juu kama jina imeandikwa mubaya (na inaandikwaka mubaya, post-nom na nom zinageuzwa kila siku) heri ujue na jino kuliko na sezarieni. Kila mwaka mbele ya kulipa tena, fungua daftari, rudia ile hesabu.

Na kuko kitu moja ya kufanya mbele ya yote haya, dada yangu mudogo njo alinifundisha, mimi mwenye miaka sita ya resepsioni sikuifikiria. Alikuwa na kampuni mbili mu mukono, bei karibu moja, listi za lopitalo karibu moja. Aliweka alarme saa nane ya usiku, akaamuka, akapigia ile numero ya urgence yenye iko nyuma ya makaratasi. Ya kwanza iliita mpaka ikakatika, mara tatu. Ya pili, kijana alijibu na sauti ya usingizi, akasema "yambo mama, nipe numero ya karte." Dada akamwambia pole, nilikosea, akalala. Asubui alienda kulipa ku ya pili.